Furushi la kwa Maduhu

Mwaka ule niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili zangu zote za darasa la jioni, kwamba mtoto yeyote aliyevishwa nguo za furushi la kanisani atakuja kuchukuliwa na ndege. Akifikisha umri wa kuanza shule, ndege itatua kwenye uwanja wa mpira hapa Bariadi, atashuka mzungu ameshika kipande cha kitambaa, atakilinganisha na shati la mtoto, na vikifanana mtoto anapanda, anakwenda kusoma mpaka awe daktari, na wazazi wake wanajengewa nyumba ya bati yenye madirisha ya vioo. Aliyenipa habari hizo alikuwa utingo wa lori la pamba tuliyesoma naye, mtu aliyekwenda Mwanza na kurudi mara nyingi kiasi kwamba tulimhesabu kama balozi. "Unadhani zile herufi za kizungu kwenye kola ni urembo?" aliniuliza. "Ile ni namba ya kiti." Nilirudi nyumbani nikavua shati langu la mtumba, nikaangalia kola, nikakuta herufi, na nikajiuliza kwa uchungu kiti changu nilikikosaje.

Yamenirudia haya kwa sababu tumemzika Maduhu. Mimi na mke wangu Limi tulipanda basi kutoka Nyashimo, tunakoishi siku hizi, na nilipofika msibani nikapewa kiti cha plastiki upande wa wazee, jambo ambalo bado linanishangaza, maana ndani yangu mimi ni kijana wa kufunga tai. Bariadi imevimba. Kuna lami, kuna maofisi ya mkoa, na vijana wanaongea kana kwamba wamezaliwa Kariakoo. Lakini ile nyumba ndefu ya matofali ya udongo tuliyopanga pamoja na Maduhu bado ipo, naye alikaa humo mpaka kufa. Wameipiga plasta tu, kama bibi aliyepakwa poda. Niliitazama kutoka pale kwenye kiti changu huku watu wakimsifu marehemu, na badala ya huzuni kikaja kwanza kile kitu cha zamani, kikanikaa kifuani mahali pake palepale. Wivu. Mtu amekwisha kuzikwa na mimi bado namwonea wivu! Wivu wangu wa mwaka ule ungepimwa kwenye mizani ya pamba ungekata ndoano.

Nyumba yenyewe ilikuwa na vyumba viwili kwa kila mpangaji, na ukuta uliotutenganisha na Maduhu haukufika kwenye bati. Juu palibaki uwazi ambao paka angepita na bibi harusi wake na matarumbeta. Kwa hiyo tuliishi pamoja bila kukubaliana. Mbuke, mke wa Maduhu, akikaanga dagaa, mimi nilimeza mate. Limi akikohoa, Mbuke alisema pole. Watoto wao walikuwa timu nzima ya mpira pamoja na wachezaji wa akiba, na wa mwisho, Kwandu, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Maduhu alitengeneza baiskeli pale mbele chini ya upenu. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye kichwa kidogo kama limao. Changu, nisiseme uongo, ni kikubwa. Nikinunua kofia lazima fundi aongeze kitambaa.

Mimi nilikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha pamba. Mkulima aliyeleta robota zake alisimama mbele yangu kama anayesubiri hukumu, na mimi nilisogeza lile jiwe la mizani polepole, makusudi, ili anifahamu vizuri. Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi waliingia na malori yao na mizani yao, na wakulima, ambao pamba yao tulikuwa tumeichukua kwa mkopo mpaka wakaacha kutusalimia, walituhama kwa siku moja. Ghala likafungwa. Tukaambiwa tusubiri nyumbani, tutaitwa. Mimi sikusubiri nyumbani. Kila asubuhi nilivaa koti, nikafunga tai, nikaenda kukaa kwenye baraza la ghala nikilinda kufuli. Jioni nilikwenda darasani katika shule ya msingi, ambako wanaume wenye ndevu tulikunja magoti mpaka kidevuni kwenye madawati ya watoto. Nikirudi, Limi aliniwekea michembe, vile viazi vikavu, amevichemsha vikalainika, na chai ya rangi.

"Kazini kulikuwaje?" aliuliza.

"Kazi nyingi," nilisema.

Aliniongezea chai. Alikuwa na mimba yetu ya kwanza, na katika vyumba vyetu hapakuwa na hata kitambaa cha kumfutia mtoto pua. Watu wakiuliza, jibu nilikuwa nalo: mila. Kwetu sisi nguo za mtoto ambaye bado hajalia haziingii katika nyumba ya mama yake. Ukiziweka humo unauita mkosi kwa jina. Ndivyo walivyofanya mama zetu, na ni kweli kabisa. Mwaka ule niliipenda mila hiyo kuliko zote zilizopo duniani, maana haikunidai kitu.

Furushi lilifika mchana wa Jumamosi, siku nisiyolinda kufuli. Nilikuwa nimekaa nje, miguu juu ya kigoda, nasoma kitabu cha jiografia kwa sauti ili mtaa ujue. Nikawaona wanakuja akina mama wawili wa kanisani, wale waliokuwa wakizunguka na vitu vya watoto kwa familia zilizobanwa. Wa mbele alikuwa Mama Rebeka, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Kichwani amebeba furushi la shuka jeupe, limefungwa mafundo, kubwa kama ndama aliyelala. Niliweka kitabu chini. Nilinyoosha tai.

"Mwadila, baba," alinisalimu Kisukuma.

"Mwadila, mayu," nilimwitikia kama mama yangu. "Karibuni sana."

"Tumekaribia," alisema, na akapita. Akapita mlango wangu! Akainama kwa Maduhu, akaingia na ndama wake, na mlango ukafungwa. Nilimgeukia Limi, ambaye alikuwa kizingitini. Alikuwa ameinama kama anayefunga kamba za viatu, ila miguu yake ilikuwa mitupu.

"Umeona?" nilimwuliza. "Wameona tai yangu, wakadhani sisi ni matajiri."

"Huenda," alisema Limi, akiwa bado ameinama.

Kuanzia siku hiyo sikuwa mtu. Wivu wa mali ya tajiri naujua, kila mtu anaujua. Unamwona mnunuzi binafsi kwenye gari lake na unameza. Lakini kumwonea wivu mtu kwa sababu amehesabiwa kuwa maskini kuliko wewe, hilo ni gonjwa la aina yake, halina dawa hospitali. Nilimtazama Maduhu akiziba mpira wa baiskeli, mikono myeusi kwa gundi, na nilichokiona ni baba wa daktari. Nilikwisha kumwona amekaa ndani ya nyumba yake ya vioo, mimi napita nje kwa mguu, ananipungia mkono kwa huruma. Nilihesabu kwamba Kwandu ndiye atakayepanda. Kwandu! Mtoto aliyekuwa akila udongo wa ukuta wetu sisi upande ule!

Na Limi naye akaanza kushinda huko. Kila alasiri aliosha vyombo, akajifunga khanga, akahamia kwa Mbuke, na mimi nikirudi kutoka kulinda kufuli nilisikia vicheko vikipita juu ya ukuta. Siku moja nilisimama juu ya kitanda chetu cha kamba, sikio limeelekea batini, nikasikia mafundo ya shuka yanafunguliwa, kisha harufu ya sabuni ikaja, sabuni ya kunukia, si ile ya mche.

"Loo, hii blanketi! Shika, shika hapa," alisema Limi.

"Usiipake jasho, mayu we. Ona beseni, ona nepi hizi, mpaka pini zake zimo," alisema Mbuke.

"Na kofia je?"

Mbuke akasema, "Itamtosha kweli? Kama atachukua kichwa cha baba yake, hii inabana."

Wakacheka mpaka mmoja akaanza kukohoa. Mimi juu ya kitanda nilitikisa kichwa. Nilijiambia wanawake hawana macho: kichwa cha Maduhu kingeingia kwenye kikombe cha chai, kofia itabanaje? Kisha kamba za kitanda zikakatika na nikashuka sakafuni pamoja na mto.

"Shemeji, uko salama?" Mbuke aliita kutoka upande wa pili.

"Nafanya mazoezi," nilijibu.

Nilipomwona Maduhu jioni ile sikuweza kujizuia. Nilimpelekea baiskeli yangu, si kwa sababu ilikuwa mbovu, ingawa ilikuwa mbovu, bali kwa sababu ulimi uliniwasha.

"Naona siku hizi kanisa linakulisha, jirani," nilisema kwa sauti ambayo wateja wake wote waliisikia. "Sisi wengine tunakula kwa kalamu."

Vijana waliokuwa wakisubiri pale waliguna. Maduhu hakuinua macho. Alizungusha gurudumu la nyuma, akalisikiliza, kama daktari.

"Karani," alisema, "mpira wako umekwisha. Nizibe, au utaendelea kukaa juu ya upepo?"

Wakacheka, na sijui walimcheka nani. Alikuwa na njia hiyo ya kujibu kitu kingine. Angejibu matusi kwa matusi ningepona. Aliziba mpira ule vizuri kabisa, tena akakaza na breki ambazo sikumwomba, na nilipotia mkono mfukoni alikuwa amekwisha kugeukia kazi nyingine. Nilipanda baiskeli nikaondoka nikiwa nimekasirika zaidi, maana ilikuwa nyepesi ajabu.

Mwishowe niliamua kwenda mwenyewe. Miezi ya Limi ilikuwa imetimia, tumbo limeshuka, na mimi nikajiambia mwanangu hatakosa kiti kwa sababu ya aibu ya baba yake. Nilipiga pasi koti, nikaenda kanisani. Nyuma kulikuwa na chumba kidogo cha stoo, na Mama Rebeka alikuwa humo anakunja nguo za watoto juu ya meza. Sitasahau chumba kile. Mabeseni yamepangwa moja ndani ya jingine mpaka karibu na dari, kwenye kona kuna makopo ya maziwa ya unga, na vile vijishati vidogo, vya rangi za ajabu, vimekunjwa kama bahasha. Nilitafuta herufi kwenye kola. Zilikuwepo!

"Karibu, baba. Nikusaidie nini?" alisema Mama Rebeka.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi barabarani mpaka mbuzi wanayajua. Nilitakiwa kusema: ghala limefungwa, mke wangu anakaribia kujifungua, hatuna kitu. Maneno mafupi hayo. Nilifungua mdomo, na tai ikajibu badala yangu.

"Nimepita tu kuwatembelea," nilisema. "Kama mtu wa ofisi, napenda kujua utaratibu. Mnawapa watu wa namna gani?"

"Waliokwama."

"Vizuri sana. Vizuri. Maana kuna watu hapa mjini ni wajanja. Sisi tulio na kazi hatuhitaji, tunajitosheleza."

Aliniangalia kwa muda mrefu. Aliangalia koti, akaangalia viatu vyangu, ambavyo kimoja kilikuwa kinacheka mbele. Kisha akachukua kijishati kingine akaanza kukikunja.

"Basi tushukuru," alisema. "Mwambie Limi asibebe ndoo siku hizi. Mgongo bado unamsumbua?"

Nikasema nitamwambia. Njiani nilijiuliza huyu mama amelijuaje jina la mke wangu na mgongo wake, nikapata jibu upesi: Mbuke, bila shaka. Familia ya Maduhu ilikuwa imekwisha kuwa ndugu wa kanisa kiasi cha kuwasimulia habari za majirani. Nikawaonea wivu kwa hilo pia.

Limi alijifungulia hospitali, mtoto wa kiume, mwenye kichwa ambacho manesi walikuja kukitazama kwa zamu. Niliporudi kutoka kuwapigia simu ndugu posta, nilikuta amekwisha kurudishwa nyumbani, na nyumba yangu sikuitambua. Kulikuwa na beseni. Kulikuwa na blanketi la manjano, nepi zimeanikwa kwenye kamba kama bendera za sikukuu, sabuni, mafuta, na mwanangu kitandani amevaa kofia iliyokatwa kidogo kwa nyuma ili imwingie.

"Vimetoka wapi hivi?"

"Kwa shangazi wa Nassa," alisema Limi.

Huyo shangazi alikuwa muuza dagaa mwenye mkono mgumu kuliko kufuli langu; akikupa dagaa mmoja alimhesabu macho. Nilishangaa, lakini mtu haulizi mvua imetoka wapi wakati shamba limekauka. Shangazi alipokuja kumwona mtoto nilisimama mbele ya wageni nikamshukuru kwa hotuba ndefu, nikataja kila nepi. Alinisikiliza, akamtazama Limi, akatazama kuku aliyekuwa akichinjwa kwa heshima yake, kisha akasema, "Damu ni damu, mwanangu," akala mapaja yote mawili.

Unadhani wivu uliisha? Ulipata tu kazi mpya. Nililitazama blanketi la manjano nikajiambia la Maduhu lazima ni zuri zaidi. Vya shangazi ni vya sokoni. Vya Maduhu vina kiti. Na kilichonimaliza ni kwamba lile furushi sikuliona tena. Kwandu alitambaa uani vilevile, tumbo wazi, amefungwa kipande cha khanga kuukuu ya mama yake, na asubuhi za baridi ya kiangazi Mbuke alimweka ndani ya fulana ya Maduhu, mikono imefungwa fundo. Niliwaza: wajanja hawa! Wanazitunza nguo zisichakae mpaka siku ya ndege. Mtoto anatetemeka, na wao wana furushi zima la nguo ndani. Siku moja Limi alichukua vijishati viwili vya mwanetu vilivyombana, akampelekea Mbuke, nami nilimfokea.

"Unampa nguo mtu mwenye furushi?"

Limi alivikunja upya vijishati vile. "Watoto hawafanani miili," alisema, akatoka navyo.

Siku zikapita, ghala halikufunguliwa, nikafaulu mtihani wa jioni kwa alama ambazo sitazitaja kwa kuogopa kuonekana mwenye majivuno, nikapata kazi ya kuandika risiti kwa mnunuzi binafsi huko Nyashimo, tukahama. Lakini mwaka ambao Kwandu alianza shule nilikuwa na safari nyingi za Bariadi. Nilisema nakwenda kuangalia mpira. Niliangalia mpira kweli, jicho moja. La pili lilikuwa mawinguni. Ndege haikuja. Nikadhani imetua siku nisiyokuwepo.

Sasa siku ya kuanua matanga, watu wakiwa wamepungua, niliingia chumbani kwa Mbuke kumuaga. Alikuwa amekaa mkekani, amepungua kuliko nilivyotarajia, na Limi yuko kando yake amemshika mkono, kama alasiri zile. Kwandu alikuwa anakusanya vikombe. Ni mwanamke mzima, ana duka la dawa za mifugo huko Lagangabilili, mwenye kichwa kidogo cha baba yake. Mwanangu mimi ndiye aliyekuwa nje na vijana wanabeba viti, ana kichwa chake. Ukuta kati ya vyumba sasa umefikishwa mpaka kwenye bati. Niliuangalia, na mambo yakinizidi huwa nafanya utani.

"Shemeji," nilimwambia, "marehemu ameondoka bila kuniambia kitu kimoja. Ile ndege ya Kwandu iliishia wapi?"

"Ndege gani?"

Nikawasimulia. Yote: utingo, namba ya kiti, uwanja wa mpira, furushi walilokuwa wakilificha. Nilisimulia vizuri, na mikono, maana nilitaka acheke kidogo kabla hatujaondoka. Na Mbuke alicheka, kicheko kilekile cha juu ya ukuta, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. Limi hakucheka. Alikuwa ameinama, anashughulika na kamba za viatu. Safari hii viatu alikuwa amevaa.

"Limi, hukumwambia?" Mbuke aliuliza. "Miaka yote hii?"

"Ungemwambia wewe, na ile tai?"

Kwandu alikuwa amesimama na vikombe vyake. Mbuke akanigeukia. Hakuwa na hasira, alisema tu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya stendi.

"Mama Rebeka alilileta kwetu kwa sababu mimba ilikuwa kwenu, na nguo haziwezi kulala nyumba ya mwenye mimba. Sisi hatukupewa, na nguo za watoto wetu wenyewe zilikuwa zimechakaa zamani. Kwandu alilia baridi, nikamwambia baba yake tufungue tutoe hata shati moja, akakataa. Alisema si vyetu. Hakukuwa na ndege, shemeji. Kulikuwa na furushi moja tu, nalo lilikuwa lenu."